Elfu tano ya kutangulia kwenye boti

Shoga, usinicheke. Leo nimejiaibisha mbele ya mama mkwe.

Tuko Nyamisati, tunasubiri boti ya Mafia. Mkata tiketi akasema ukiongeza elfu tano unatangulia kupanda, unachagua kiti. Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, weka hela yako." Mimi nikalipa! Nilitaka anione mtu wa mjini.

Nikawapita watu waliokaa kivulini, kwa maringo, nasema moyoni hawa hawana hela. Nikapanda peke yangu. Peke yangu, shoga!

Nusu saa, hapandi mtu. Kuchungulia nje, boti imekaa kwenye tope! Maji yamekupwa. Mimi wa Songea nitajuaje mambo ya maji?

Nikaita, "Mama, tunaondoka saa ngapi?"

Naye anakunywa chai. "Maji yakijaa, mwanangu. Wewe kaa tu, si umelipia?"

Si umelipia!! Masaa mawili nimeokwa mle kama muhogo, naona haya kushuka. Walipopanda wote, viti vikabaki.

Tumefika. Sasa hivi anawahadithia dada zake barazani: "Mkwe wangu kanitangulia masaa mawili, tumefika pamoja." Mimi nimejifungia chooni nakuandikia.