Siri ya Watu wa Benchi

2 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Kazi haijakumaliza? Mimi sijambo, ila mwili umeanza kunigomea. Nakuandikia kwa kuwa simu zangu unazikata kwa "niko mkutanoni, Mama mdogo." Barua haina mkutano.

Kile kidonge chenu cha viungo, tulichokijaribu pale kliniki mkasema ni kizuri, bado naandikiwa. Magoti yametulia kweli, siwezi kusema uongo. Lakini nikisimama, chumba kinazunguka. Na unanijua, mgeni akibisha hodi siwezi kumpokea nimekaa. Juzi nilisimama kumfungulia jirani, nikajikuta nimelikumbatia kabati! Fundi saa, tuliyekuwa naye kwenye utafiti, analalamika hivyo hivyo.

Halafu Kengele alipita hapa, yule uliyesoma naye mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku hizi naye ni mtafiti. Anasema amekuomba taarifa zetu wagonjwa, za mmoja mmoja, azichanganye na za tafiti nyingine za kidonge hicho, na wewe humjibu. Mna nini nyinyi?

Mamako mdogo

19 Februari

Mama mdogo, shikamoo,

Pole na kizunguzungu. Mimi mzima, uchovu tu. Usijitie hofu, umri nao una mambo yake. Walioanguka kwenye utafiti wetu tuliwahesabu, na kwa wastani waliomeza kidonge hawakuwazidi wasiomeza.

Kengele mwache. Hizo ni habari za watu: umri wao, magonjwa yao, dawa nyingine wanazomeza. Tuliwaahidi siri. Nikimgawia kila anayeomba, nani ataniamini tena? Na nisikufiche, utafiti ule umenila miaka yangu mizuri. Mchumia juani hulia kivulini. Juani nilikuwa mimi, yeye anataka kivuli tu.

Mwanao

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umri, umri! Umri gani huo unaosubiri nisimame kwanza? Nikilala haunizungushi. Presha ninayo ya siku nyingi na kidonge chake nameza, unalijua hilo tangu ukiwa shule. Kengele anasema sisi wazee wa presha mmetumimina chungu kimoja na vijana wacheza mpira, ndipo mkapata huo wastani.

Kuhusu siri, nilikwenda kwenye benchi la kliniki nikawauliza wenzangu wa utafiti: majina yakifutwa, taarifa zetu zitolewe? Wakacheka. "Kwani zimefungiwa?" Walidhani madaktari wote wanazisoma, ndiyo maana walikubali kuchomwa sindano zote zile. Mmoja tu alikataa, maana ana ugonjwa ambao mkewe haujui. Huyo mwacheni na ndoa yake. Sisi wengine tumekubali.

Basi, kama siri ni yetu, tunaitoa. Kama ni yako, sema ni yako.

Mamako mdogo

28 Machi

Mama mdogo, shikamoo,

U hali gani? Mimi barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Umenichoma.

Sawa, ni yangu. Naogopa. Ninaandika makala ya pili kutokana na taarifa hizo hizo, na Kengele ana wasaidizi, ana mbio, atanitangulia. Tena akikuta nimekosea mahali, unaijua sauti yake. Hapa ofisini kila mkubwa anasema taarifa zigawanywe, ila aanze mwingine. Nivumilie makala itoke. Ikitoka tu, namkabidhi zote. Kawia ufike, si ndivyo ulivyonilea?

Kunywa maji. Simama polepole.

Mwanao

11 Julai

Mwanangu,

Hujambo huko? Mwandiko ni wa Fundi saa, maneno ni yangu. Niko wodini. Nyonga imevunjika. Mgeni alibisha hodi, nikasimama, ndiyo hivyo. Usilie. Mimi nimelia ya kututosha wote, maana inauma, jamani.

Kwenye kitanda cha jirani yuko mama mmoja wa benchi letu, mkono umevunjika. Naye anameza cha viungo na cha presha. Ameniuliza, "Yule mwanao alijua?" Nikamwambia hakujua. Nimekutetea mbele ya wodi nzima. Usinifanye muongo uzeeni.

Makala imetoka?

Mamako mdogo

22 Julai

Mama mdogo, shikamoo, na pole. Pole sana.

Makala haijatoka. Taarifa zimetoka. Nilimpa Kengele zote siku ile ile barua yako iliponifikia, isipokuwa za yule mwenye ndoa yake.

Kabla ya kuzituma nilizipitia mtu mmoja mmoja. Sikuwahi kufanya hivyo, kazi yangu ilikuwa jumla na wastani. Majina hayamo, lakini wewe nilikujua. Kila ulipokuja ulilalamika kizunguzungu ukisimama, na kila mara mtu wetu ameandika pembeni: umri. Mwishoni ukaacha kulalamika. Na mimi nikakuandikia neno lile lile, kama vile tuliambizana. Kwa kuwa niliweza kukutambua, nilifuta mtaa, nikafuta tarehe ya kuzaliwa, nikaendelea kufuta mpaka hata mimi nisikutambue. Malalamiko yako nimeyaacha yote.

Kengele alinipigia jana, na kwa mara ya kwanza aliongea taratibu. Wazee wanaomeza vidonge hivyo viwili pamoja ndio wanaoanguka, kwetu na kwa wengine. Kliniki zote nimeshaziandikia. Daktari wenu wa wodi nimeongea naye, cha viungo usikimeze tena, na mama wa kitanda cha jirani asikimeze. Fundi saa, kama ndiye unayesoma hii kwa sauti, na wewe pia. Nenda kamwone leo.

Mama mdogo, ulinitetea kwa uongo. Uliniambia tangu Februari, kwa hiyo nilijua. Mwambie jirani yako hivyo, au niachie nimwambie mwenyewe.

Nakuja Jumamosi. Najua nyonga haikuruhusu, na najua utajaribu. Nikifika mlangoni, nakuomba, nipokee umelala.

Mwanao