Soli ya Mguu wa Kushoto

Tarehe 3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Habari za kibanda chako cha kushona viatu, na masikio yanaendeleaje? Tangu sikio la kulia nalo lilipofunga nimeacha kukupigia simu. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za presha, ukanijibu kuhusu mvua. Basi tuandikiane. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina woga, na woga huu sina mwingine wa kumpelekea zaidi ya wewe uliyenilea.

Daktari ameniruhusu kukimbia. Ni miezi kumi tangu nianguke kwenye ngazi za lile ghala lililokuwa linaungua, na mfupa wa muundi wa kushoto umeshika. Aligongagonga picha kwa kalamu, akasema, "Umeunga vizuri. Anza taratibu." Taratibu ndiyo nini, hakusema, na mimi nikaona aibu kuuliza.

Mkuu wa kituo naye kaniita. Mtu wa zimamoto aliyevunjika haruhusiwi kupanda gari mpaka apite mtihani: kuuzunguka uwanja mara sita ndani ya dakika kumi na tatu. Wangu ni tarehe 30 Mei. Nikishindwa, nahamishiwa chumba cha simu moja kwa moja.

Jana nilijaribu, kutoka geti la kituo mpaka tangi la maji. Hazifiki hatua mia. Nikasimama mara mbili. Mguu haukuuma, Shangazi. Nilikuwa nausikiliza tu. Kila ukigusa chini nangoja ulie kama ulivyolia siku ile.

Nimekutumia raba zangu za zamani kwa basi la vifurushi. Zitazame uniambie kama bado zinafaa. Dukani nimeona nyingine zina soli nene kama mkate, muuzaji anaapa kwamba zinakimbia zenyewe.

Mwanao.


Tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Masikio yamefunga duka, lakini macho na vidole bado viko kazini, kwa hiyo usinihurumie sana. Presha imetulia. Mvua pia, kama ulitaka kujua.

Raba zako zimefika. Zimekwisha. Juu zinang'aa, na hapo ndipo zinapowadanganya watu. Nilibonyeza sponji ya kisigino kwa dole gumba, na shimo likabaki pale pale. Sponji hai hurudi. Hii imekufa, na ukikimbia nayo kishindo chote kitapanda mguuni.

Kanunue mpya, na uende jioni, miguu ikiwa imetanuka kwa kazi za mchana. Vaa soksi zile zile utakazokimbilia. Simama wima; mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa dole gumba, na kisigino kisichezecheze. Kisha kimbia humo humo dukani. Muuzaji akinuna, anune. Akikwambia zinabana sasa lakini zitazoea, ziache hapo. Raba ya kukimbilia hukaa vizuri siku ya kwanza au haikai kabisa. Soli nene haina ubaya, ila ukiona inakuyumbisha kifundo, irudishe. Rangi usiniulize.

Kuhusu hiyo taratibu, nilimwuliza kocha wa shule, mteja wangu, akaniandikia nyuma ya boksi la viatu. Tembea dakika tano kwanza mwili upate joto. Kimbia dakika moja, tembea mbili, mara nane. Siku inayofuata pumzika. Wiki ikienda vizuri, ongeza kidogo, na ukiongeza muda usiongeze kasi. Tafuta ardhi iliyo sawa na laini. Misuli ikiuma miguu yote miwili, halafu ikaachia baada ya siku moja au mbili, hiyo ni kazi. Lakini maumivu ya mahali pamoja, unayoweza kuyafunika kwa ncha ya kidole, yanayozidi kadiri unavyokimbia, usibishane nayo. Simama, umwone daktari.

Hiyo ya mwisho nimeipigia mstari mara mbili, uione. Si wewe peke yako unayeogopa.

Shangazi yako.


Tarehe 4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na wateja wanakuja. Mimi sijambo.

Raba nilizipata. Nilikimbia dukani kama ulivyosema, kutoka kwenye viatu vya watoto mpaka kwenye mikoba, mara nne. Muuzaji alisema, "Dada, hapa si uwanja." Nikamwambia nimetumwa na shangazi. Akatoa jozi nyingine bila kubishana, nadhani naye ana wake.

Nafanya mazoezi na Kijiko. Ni yule mwenzangu aliyenitoa ghalani. Tunamwita hivyo kwa sababu hutembea na kijiko chake mfukoni, hataki vya kantini. Huwa anakaa na saa pale uwanjani. Moshi wa siku ile bado uko kifuani mwake, anakohoa sana akijaribu kukimbia, kwa hiyo ananihesabia tu.

Sasa nakimbia dakika ishirini bila kutembea. Kila kitu kinakwenda vizuri.

Mwanao.


Tarehe 13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na kibanda kiko pale pale.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kocha alipokuja kuchukua viatu vyake nikamwonyesha pale uliposema dakika ishirini. Akahesabu wiki kwa vidole, akatikisa kichwa, kisha akaandika kwenye kijitabu changu: "Amekimbilia wapi huyu?"

Umeniandikia habari za muuzaji, mikoba, kijiko cha mwenzako na kifua chake. Mguu wako hukuutaja hata kwa neno moja. Wewe ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unanisimulia habari za shule mpaka nachoka.

Kaa kitako leo. Pitisha kidole kwenye muundi, toka chini ya goti mpaka kifundoni, ukibonyeza polepole. Uniandikie ulichokikuta.

Shangazi yako.


Tarehe 1 Mei

Mwanangu,

Sijui kama u mzima. Wiki mbili na siku nne. Kila basi la vifurushi likisimama namtuma jirani yangu mshonaji akaulize.

Kuna jambo sikukuambia. Siku ulipoanguka, simu ya kituo ilipokelewa na huyo mshonaji, kwa sababu mimi sikuisikia. Akaja mbio, akaniandikia kwenye karatasi yake ya vipimo, mistari miwili. Wa kwanza ulisema, AMEANGUKA KWENYE MOTO. Wa pili ulisema, YU HAI. Lakini alikuwa ameishika karatasi vibaya, na kidole chake kilifunika ule wa pili. Nilikaa na mstari mmoja sijui kwa muda gani. Yeye ananiambia ilikuwa kitambo kidogo tu. Nilikuwa na kiatu cha mtu mkononi, nikakishonea kwenye aproni yangu.

Sasa ukinyamaza, mwanangu, mimi narudi kwenye ule mstari wa kwanza.

Kama huwezi kuandika, usiandike. Nitumie hizo raba mpya nizitazame.

Shangazi yako.


Tarehe 9 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Kazi zimebana. Raba hizo hapo. Nazihitaji kabla ya tarehe 20, tafadhali, mtihani umekaribia. Mguu uko sawa.

Mwanao.


Tarehe 13 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nitakwenda moja kwa moja.

Raba zako nimeziweka juu ya meza, soli juu, dirishani penye mwanga. Kwa wiki chache hizi, ya kulia imelika kisigino na ubavu wa nje kama imevaliwa mwaka. Ya kushoto kisigino chake bado kina vile vipele vya kiwandani. Hujakikanyagia. Umekuwa ukitua kwa ncha ya mguu, kwa woga, kama mtu anayekanyaga kaa la moto. Ndani, mahali pa vidole, sponji imechimbika. Umekuwa ukivikunja vidole kwa kuvumilia.

Na kamba. Ya kulia umeivuta sawasawa. Ya kushoto imelegezwa mpaka tundu la mwisho. Mguu unavimba, mwanangu, nawe unaendelea kuuingiza humo.

Hizi raba sirudishi. Nimezifungia kwenye sanduku la ngozi na ufunguo uko shingoni mwangu. Nenda kwa daktari. Usiende baada ya mtihani, nenda kesho asubuhi, na umwambie ukweli wote ambao hukuniambia mimi. Ukinikasirikia nikasirikie, nitavumilia.

Shangazi yako.


Tarehe 23 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nilikukasirikia siku mbili. Niliazima raba za mpishi wa kantini, nikaenda nazo uwanjani. Nimekaa kwenye nyasi nafunga kamba, nikaona naifunga ya kushoto kama ulivyoandika, mpaka tundu la mwisho. Nikazivua, nikamrudishia.

Sasa nakuambia. Ilianza wiki ya tatu. Mahali pamoja, padogo, chini kidogo ya pale palipovunjika. Mwanzoni pakauma mwisho wa mazoezi, kisha katikati, kisha hata nikipanda ngazi za nyumbani. Siku uliyoniambia nibonyeze, nilibonyeza. Nikauma mto. Ndiyo maana sikukujibu.

Daktari amepiga picha nyingine. Kuna ufa mwembamba kama unywele, umeanza upya kando ya ule wa zamani. Aliniuliza nimeukimbilia kwa muda gani, nikamwambia wiki tano. Akaweka kalamu mezani. "Ungekwenda kwenye huo mtihani, huu mfupa ungekatika uwanjani," akasema. "Na safari hii nisingekuahidi kwamba utaunga."

Nilitoka pale nikashindwa kupata mlango wa nje. Nilikuwa nautazama tu.

Unajua nilichokuwa nakiogopa, Shangazi? Si chumba cha simu. Siku ile Kijiko alikuwa ameshatoka nje. Alirudi kwa ajili yangu. Kila akikohoa pale uwanjani na saa mkononi, nasema huyu ameharibu kifua chake kwa mtu asiyeweza hata kumaliza mizunguko sita. Basi nikawa nakimbia ili kikohozi kile kisiwe cha bure.

Jana nilimwambia. Akasema, "Kwa hiyo nilikutoa kule ili uje ujivunje hapa mbele yangu?" Halafu akaondoka. Leo asubuhi amerudi na chai.

Mkuu nimemwambia pia. Mtihani umesogezwa mpaka daktari atakapotia sahihi. Kwa sasa niko chumba cha simu. Nakaa, nasikiliza watu wakilia kwamba nyumba zao zinawaka, nawaambia watoke, waache vitu. Gari linaondoka bila mimi. Usirudishe raba bado.

Mwanao.


Tarehe 19 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Vipi hali, na vidole vyako wakati huu wa mvua? Najua nimekuwa nikikuandikia vikadi vya mistari miwili tu, lakini kila kimoja kilikuwa cha kweli. Leo ni barua.

Tangu uliporudisha raba mwezi wa nane nilianza tena na dakika moja. Safari hii niliyafuata maneno ya kocha kama dawa: siku ya kukimbia, siku ya kupumzika, na siku nyingine kunyanyua visigino ngazini ili mashavu ya miguu yapate nguvu. Wiki mbili nilirudi nyuma kwa sababu tu nilihisi nimechoka. Mwezi uliopita daktari alitia sahihi.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Tulikuwa watano. Mizunguko minne nilikwenda vizuri, Kijiko alinionyesha vidole viwili, maana yake sekunde ziko za kutosha. Mzunguko wa tano, kwenye kona ya mbali, penye uzio, kitu kikavuta kwenye muundi wa kushoto. Si maumivu makali. Kimevuta tu. Lakini Shangazi, mwili wote ulikufa ganzi. Nilisikia ngazi zile zikikatika. Nilijua nikinyamaza nitamaliza, ulikuwa umebaki nusu mzunguko kuingia wa sita, na Mkuu alikuwa anatazama.

Nikasimama. Nikainua mkono. Wengine wakanipita.

Mkuu akaja kwa miguu, uwanja mzima, hakukimbia. Nikadhani sasa ndiyo basi. Akasema, "Wapi?" Nikamwonyesha. Akaniitia gari nikapelekwa hospitali na viatu vyangu vya vumbi.

Mfupa ni mzima. Daktari kaubonyeza kila mahali, kapiga picha, hakuna ufa. Ni msuli uliochoka. Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha picha nikalia mpaka muuguzi akaniuliza kama nimepewa habari mbaya.

Nimeshindwa mtihani, hiyo ndiyo habari yenyewe. Marudio ni tarehe 10 Desemba, saa mbili asubuhi, na hayo ni ya mwisho. Nafikiria ile kona kila nikifumba macho. Nikifika pale na mguu ukavuta tena, sijui nitafanya nini. Sijui kama nitaweza hata kuikaribia.

Mwanao.


Tarehe 28 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Vidole vimekakamaa asubuhi, ikifika saa nne vinafunguka.

Utafanya kama ulivyofanya juzi. Ukivuta, utasimama. Usipovuta, utapita. Mimi sina jingine la kukufundisha, na kocha naye amesema hana.

Nimemwachia mshonaji kibanda. Ameniandikia kwenye karatasi jina la stendi, namba ya basi, na maneno ya kumwonyesha kondakta: MAMA HUYU HASIKII, MSHUSHE KITUO CHA ZIMAMOTO. Nimeikunja kwenye kitambaa kifuani. Sijapanda basi la mbali peke yangu tangu masikio yafunge, nami naogopa kupitilizwa.

Sitakaa pale mbele na wakubwa. Mwambie Kijiko aniwekee kiti kwenye ile kona ya mbali, penye uzio.

Usijibu barua hii. Jibu halitanikuta.

Shangazi yako.