Bi. Kibibi Amepewa Mume

Majengo, Mombasa
Jumatatu asubuhi

Kwako mke wangu mpendwa Damari,

Nakusalimu kwa heshima zote ulizostahili, na kwa zile nilizochelewa kukupa. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto lenye malalamiko yake ya kawaida. Binti yetu Rahel na wanawe hawajambo. Majirani wanakutaja kwa wema. Baada ya salamu hizo, naomba radhi sana. Huu ni mwaka wa tatu tangu ututoke, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Maneno nilikuwa nayo. Nilichokosa ni habari njema, na sikupenda kukuletea majonzi huko uliko. Leo ninayo habari, na imenishinda kukaa nayo peke yangu.

Damari, kitabu chako kimechezwa kwenye televisheni!

Kwa Jumapili sita, saa kumi alasiri, Mombasa nzima (nasema nzima, ingawa kwa hakika nawajua wa mtaa wetu tu) imemtazama Bi. Kibibi wako, muuza ndimu wa Marikiti, akimtafuta aliyemuua yule sonara wa Ndia Kuu. Sisi tulitazamia kwa jirani yetu Bi. Zuhura. Chumba kilijaa hata wengine wakaketi juu ya cherehani.

Lakini kuna jambo nililolifanya bila idhini yako, nami nakusihi unisikilize mpaka mwisho.

Utakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekipiga taipu kitabu kile, jioni, nikitoka kazini bandarini. Ukurasa wa kwanza kabisa nikakuta umeandika kwamba Bi. Kibibi ni mjane, mwaka wa tisa sasa. Nikasimamisha vidole, nikakuuliza, "Mama Rahel, mbona umeniua mapema hivi?" Ukanijibu kutoka jikoni, bila hata kugeuka, "Apate nafasi ya kufikiri. Ukiwa hai utamkatiza kila saa, wamwuliza miwani yako i wapi." Nilicheka, nikaendelea kukipiga taipu kifo changu.

Basi, mwongozaji wa mchezo, kijana mwungwana kutoka Nairobi, alinijia na shida yake. Kitabuni Bi. Kibibi hufikiri peke yake, na msomaji humsikia. "Lakini mzee," akasema, "kamera haiingii kichwani mwa mtu. Nikimwacha afikiri tu, watu wataona mama anayezikodolea ndimu macho." Alitaka awe na mtu wa kuzungumza naye. Alitaka, kwa ufupi, apewe mume. Akaniachia karatasi nitie sahihi.

Kwa siku tatu sikuigusa karatasi ile. Niliogopa kuiharibu kazi yako. Niliogopa zaidi kwa sababu, Mungu anisamehe, nilitamani. Niliomba, sikupata jibu. Siku ya nne nikatia sahihi. Nawe unisamehe.

Sasa nikueleze walivyofanya. Wewe ulitumia kurasa nne kwa vile viatu vya shemeji wa sonara: alidai aliingia mbio aliposikia yowe, ilhali viatu vyake vilikuwa mlangoni, vimepangwa sawasawa, ncha zikitazama njiani. Televisheni ilivionyesha kwa pumzi moja tu, bila neno, ikaenda zake. Nikadhani hakuna aliyeviona. Bi. Zuhura akaruka kitini: "Hebu! Mtu akikimbilia yowe, avua viatu akavipanga kama yuwaenda kusali? Huyo ndiye!" Wote wakamvamia, "Nyamaza, watuharibia!" Kisha wakanigeukia mimi. "Baba Rahel, wewe wajua. Ndiye, siye?" Niliwaomba radhi, nikatazama dari kwa Jumapili zote zilizobaki.

Ndimu zako, naona aibu kusema, zimekuwa maembe. Eti ndimu ni ndogo mno kwa kioo. Hilo nililipinga kwa barua mbili.

Ama huyo mume! Mwigizaji alikuja kuketi nami asubuhi moja, akinywa kahawa na kunitazama tu; sikujua atafutacho. Sehemu ya pili akatokea mzee mwembamba uchochoroni, akamgonga mbuzi kwa bahati mbaya, akavua kofia, akamwomba mbuzi radhi. Watu walicheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikakatika, wakanigeukia wote. Nikawaomba radhi kwa kufanana naye, na hapo wakaanza kucheka upya.

Na sehemu ya mwisho, Bi. Kibibi yuko jikoni anaparua samaki. Mumewe akamwuliza, "Lakini mama, huenda shemeji ni mtu wa adabu tu?" Naye, mgongo kwake, "Bwana wewe! Nduguyo apiga yowe, nawe waketi kufungua kamba za viatu?" Mama yule anayemwigiza hajakuona hata siku moja, Damari. Labda niliwasimulia mimi, sikumbuki. Ila ule mgongo... Nilicheka kwa sauti, peke yangu, mahali ambapo watu wote walikuwa wakimhurumia marehemu sonara.

Mchezo ulipokwisha walipiga makofi wote, isipokuwa Bi. Zuhura. Yeye kitabu chako amekisoma mara mbili. Akaniambia mbele ya watu, "Baba Rahel, mchezo mzuri, sikatai. Lakini sisi wajane tulikuwa na mmoja wetu, ana akili zake, hamtegemei mtu. Nyinyi mkenda mkamwoza! Hata kumwuliza hamkumwuliza!" Watu wakacheka, naye akacheka. Mimi nilihisi nimesikia maneno yako.

Juma lililofuata ikaja barua kutoka kwa wachapishaji. Wanakichapa kitabu upya, na wangependa kumtia mume ndani, ili kilingane na televisheni. Safari hii sikungoja siku tatu. Niliwajibu siku ile ile, kwa adabu yote niliyofundishwa misheni: televisheni na ibaki na mume wake, lakini kitabu ni cha Damari, na Bi. Kibibi atakuwa mjane kuanzia ukurasa wa kwanza, kama alivyoandikwa. Wamekubali. Nilimwonyesha Bi. Zuhura jibu lao. Aliingia ndani akatoka na mkate wa sinia, akanipa na kusema, "Haya, sasa umekufa vizuri."

Nakuahidi, mke wangu, maadamu ni hai hakuna atakayenifufua ndani ya kitabu chako. Chapa mpya ikifika, nitailinganisha na karatasi zako neno kwa neno, na likipungua moja nitawaandikia tena.

Pumzika kwa amani, mwandishi wangu. Nimefurahi mno mwaka huu, na furaha yote imetoka kwako.

Barua hii anaichukua Rahel, anayekwenda Rabai Jumamosi kulipaka chokaa kaburi lako. Nimemwomba akusomee taratibu, na mahali ambapo ungecheka, asimame kidogo akungoje.

Mumeo,
Gideon