Pale Mwisho wa Mstari

Colleen, niko ndani ya gari, vidole vimeganda, nakuandikia kwa hasira.

Leo tulikuwa tunapiga picha ya kadi ya Krismasi kule ziwani kwa kina Curtis. Theluji mpaka magotini, sote sweta nyekundu, hata mbwa kavalishwa. Na mbwa kawekwa katikati, shoga. KATIKATI.

Mimi sasa, mama mkwe wangu Marlys kanipeleka mwisho kabisa wa mstari. Mpiga picha akauliza mbona nisikae karibu na watoto. Marlys akajibu huku anacheka: "Mwache hapo hapo. Wakwe zangu wote nawaweka pembeni. Wakiachana na wanangu, nakata kipande tu, picha inabaki nzima."

Nakata kipande tu! Wanangu wanasikia, Colleen!

Wote wakacheka. Nikamgeukia Curtis, mume wangu wa ndoa, nikingoja aseme japo neno moja.

Unajua alifanya nini? Alisogea. Alisogea! Akaacha nafasi kati yetu, akamwambia mama yake: "Hapa sawa? Usije ukanikata bega."

Kadi ikikufikia utaiona hiyo nafasi. Mimi ndiye ninayetabasamu upande wa pili.