Mashine Namba Tatu Haikuwa Mgonjwa

Mzee wangu Shaweji,

Shikamoo. Najua huitikii, na leo wala sijali, kwa sababu nimekukasirikia kiasi kwamba hata ungeitikia ningegeuza uso. Arobaini yako imepita. Wali uliliwa, dua ikasomwa, majirani zako wa Kigamboni wakasema maneno mazuri, na mimi Zuhura, mwanafunzi wako, nikalia mpaka ushungi ukalowa. Ningekuwa na uwezo, nusu ya machozi yale ningeyarudisha.

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Kwa watu nimeshakusema, utasikia huko mbele. Sasa nakusema wewe mwenyewe.

Kwanza habari za karakana. Salim ameshika kazi yote ya baba yake, mwenye karakana. Mzee Nassor siku hizi anashinda dukani Kariakoo tu, anauza mabeseni na ndoo za plastiki tunazotengeneza sisi huku mtaani Gerezani. Hata mwezi haujaisha tangu tukuvushe kwa pantoni pale Magogoni kwenda kukuzika, Salim akaleta mfumo. Vijana wawili walikuja na kompyuta, wakabandika vipimo kwenye mashine zote nne, nyaya zinaning'inia kama dripu za hospitali, na skrini kubwa ikatundikwa palepale palipokuwa na ubao wako wa chaki. Mfumo ndio unaotupangia sasa mashine ipi iwashwe saa ngapi, itoe nini, izimwe lini. Shabaha ni kubana matumizi ya umeme.

Na nikwambie ukweli, ungekereka: mfumo una akili. Siku ya kwanza tu ulitukataza kuwasha mashine zote kwa pamoja asubuhi. Ianze moja, ikishapata moto ndiyo ifuate ya pili. Salim akatueleza kwa urefu kwamba mita yetu haiangalii jumla ya umeme peke yake, inaangalia pia ni muda gani tuliuvuta kwa pupa kuliko wote, na bili inapanda kwa sababu ya pupa ya muda huo mmoja. Nikamwambia Fundi Shaweji alikuwa akifanya hivyohivyo. Ulikuwa unasimama mlangoni na kikombe chako cha kahawa, "Waamsheni mmoja mmoja, hawa si askari." Salim akacheka, akasema basi Mzee mwenyewe ndiye alikuwa mfumo. Nilifurahi siku ile, nikakuona kabisa umekaa pembeni unajidai.

Furaha ilidumu siku tatu. Ya nne mfumo ukapanga tutoe ndoo nyeusi, halafu mabeseni meupe, kwenye mashine ileile, eti ndiyo nafuu kwa umeme. Nikasema haiwezekani. Salim akasema tuuache ujifunze. Mabeseni yakatoka na michirizi kama yamepakwa masizi. Asubuhi nzima tukawa tunasukuma plastiki safi ndani ya mashine mpaka uchafu uishe, umeme unateketea, na Salim kasimama ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepanga. Hakuna aliyeuambia mfumo kwamba nyeupe hutangulia, ikaja njano, nyekundu, bluu, na nyeusi ndiyo ya mwisho. Hilo halikuwa kwenye daftari. Ulikuwa nalo kichwani, ukaondoka nalo.

Daftari. Hapo sasa.

Wale vijana walitaka kumbukumbu za nyuma ili mfumo uzijue tabia za kila mashine. Salim akafungua kabati lako, akatoa madaftari yote ya miaka tisa, akasema hakuna karakana Gerezani nzima yenye kumbukumbu kama hizi. Mwandiko ule wote ni wangu, Mzee. Wewe unasema, mimi naandika, kwa sababu macho yako yalishaingia ukungu na miwani hukuitaka.

Kila Alhamisi, saa nne hadi saa nane: "Namba tatu, hita imegoma." Miaka tisa. Hita gani iliyogoma? Namba tatu ni kongwe lakini nzima kuliko sisi. Kila Alhamisi Bi Mwajuma, mwendeshaji wake, alikuwa anampeleka bintiye hospitali kwenye mazoezi ya miguu. Na mzee Nassor wakati ule alikuwa hatoi ruhusa ya kila wiki kwa mtu yeyote, hata umlilie vipi. Nilikuuliza mara ya kwanza, "Fundi, mbona mashine nzima?" Ukanijibu, "Andika. Mashine haina watoto." Nikaandika. Nikaona una moyo mkubwa, na bado naona hivyo, ndiyo maana naumia zaidi.

Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa. Ya kwako ilikuwa ndefu, Mzee, ilikupita wewe ikaja mpaka kwangu.

Mfumo ukasoma madaftari neno kwa neno, ukatoa shauri: namba tatu ina ugonjwa sugu, kila wiki inapoa na kupashwa upya, inakula umeme bila faida. Iondolewe, kazi yake wagawane wenzake watatu. Salim akawaita watu wa chuma chakavu. Mashine ikiondoka, mwendeshaji je? Salim hakuzunguka, akasema mwisho wa mwezi Bi Mwajuma atapumzika. Atapumzika! Na yule binti ndiyo kwanza ameanza kusimama bila kushikwa. Ya kweli ulibaki nayo kichwani, ya uongo ukaniandikisha mimi, na uongo ndio unaomfukuza kazi mtu uliyetaka kumsaidia.

Nikajaribu ujanja kwanza, maana nimefunzwa na wewe. Alhamisi mbili mfululizo, Bi Mwajuma akiwa hospitali, niliiendesha namba tatu mimi, nakimbia kati yake na ya kwangu mpaka magoti yakawaka moto, ili vipimo vione kwamba ni nzima. Vikaona. Mfumo ukaandika kwamba uzima wa wiki mbili hautoshi kufuta tabia ya miaka tisa. Niliitukana skrini ile kwa Kizaramo. Maneno yote ya Kizaramo ninayoyajua nimeyapata kwako, na hakuna hata moja la kusema mbele za watu.

Nikamwendea Salim nikamwambia mfumo umekosea. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Dada Zuhura, mfumo haujabuni kitu. Umesoma alichoandikisha Fundi Shaweji. Au unataka kusema Fundi alikuwa mwongo?" Nikatoka nikasimama Mtaa wa Msimbazi katikati ya watu na mizigo yao, wenye mikokoteni wananipigia kelele, "Dada, njia!" Nikarudi ndani kwenye mashine yangu.

Na wewe uliahidi! Ulipoanza kuumwa ulinishika mkono ukasema, "Hili la Alhamisi nitaliweka sawa mwenyewe na Nassor." Lini? Miezi mitano ulilala. Nafasi ya kubishana na daktari juu ya chumvi uliipata. Nafasi ya kusikiliza mpira uliipata, na refa ulimtukana. Ya kumwambia Nassor maneno kumi ukaikosa. Na mimi nilikuwa nakuletea uji palepale kitandani sikukukumbusha, naona vibaya kumsumbua mgonjwa. Haya, kosa ni letu wote wawili. Lakini wewe umelala na mimi niko macho nalo.

Siku tatu kabla ya watu wa chuma kuja, nikasema. Niliingia ofisini kwa Salim, nikafungua daftari mbele yake, nikamwambia mwandiko huu ni wangu na kila Alhamisi iliyomo humu ni uongo. Nikamweleza na sababu. Nilidhani atafoka. Akafunua kurasa, kisha akauliza, "Mengine mangapi?" Swali hilo sikulitarajia. Nikasema hakuna, na nilipokuwa nasema nikaona haniamini, na ana haki. Madaftari yako yote, Mzee, jasho la miaka tisa, yakawa hayana tofauti na karatasi za kufungia vitumbua. Wiki nzima nimekaa na Salim tukipitia ukurasa kwa ukurasa, naweka alama, hili kweli, hili uongo. Na mbele ya wafanyakazi wote alisema, "Fundi alitudanganya." Nikalisikia jina lako linatajwa hivyo na sikukutetea. Nisamehe. Hapana, niombe radhi wewe kwanza.

Lakini lililonichoma zaidi ni Bi Mwajuma. Kumbe hukumwambia ukweli! Yeye aliamini ana ruhusa. Aliamini ulimwombea kwa Nassor na Nassor akakubali. Kila Idi alikuwa anampelekea Nassor sahani ya visheti kumshukuru, naye Nassor anakula hajui anashukuriwa kwa lipi. Aliposikia ukweli mbele za watu alikaa juu ya gunia la plastiki, akasema, "Kumbe nilikuwa mtoro." Hakulia. Ningependa angelia.

Watu wa chuma hawakuja. Salim aliingiza masahihisho, na mfumo haukuona haya, ukapanga upya. Unajua ulifanyaje? Uliambiwa tu kwamba Alhamisi, saa nne hadi saa nane, mwendeshaji wa namba tatu hayupo. Ukaona huo ndio muda mzuri wa kusafisha kalibu za namba tatu, plastiki iliyogandia humo itoke, na kuipasha moto namba nne, mashine mbili zisigombee umeme. Matumizi yakashuka. Sentensi moja ya kweli, Mzee, na imemfaa hata mwenye karakana! Labda Nassor angeikataa. Labda. Hatutajua, kwa sababu hatukumuuliza.

Nadhani sasa umeshaanza kutabasamu. Usitabasamu. Alhamisi iliyofuata Bi Mwajuma hakuondoka. Saa nne ikapita, amesimama kwenye namba tatu anatoa vifuniko vya ndoo, macho mbele. Jina lake liko kwenye skrini na Salim kamwambia kwa mdomo wake aende. Akasema hataki tena hisani ya mtu, bora mtoto akose. Binti yuko nyumbani kavaa viatu anamngoja. Nikaona tumemwokolea kazi halafu tumemvunjia kitu kingine ambacho hakina fundi. Nikaenda nikaizima namba tatu kwa mkono wangu. Nikamwambia, "Bi Mwajuma, hii si hisani, ni ratiba. Nenda." Akaisoma skrini mstari kwa mstari, taratibu, hakuniangalia. Akachukua mkoba wake akaenda.

Basi nakuaga, Mzee wangu. Yasini nitaendelea kukusomea, hata siku nitakazokuwa nimekununia, na zitakuwa nyingi. Mungu akulaze pema, akuhesabie ule wema, na ule ujanja akusamehe, maana mimi bado sijaweza. Ninachokuahidi ni kwamba hakuna mtu nitakayemficha tena nyuma ya mashine. Mwenye shida nitaipeleka shida yake kwa jina lake, nibishane nikiwa hai na pumzi ninazo. Leo ni Alhamisi, saa tano. Namba tatu imezimwa, nzima kabisa, na sababu nimeiandika.

Mwanafunzi wako,
Zuhura