Mume Wangu Tulimzika, Nimemwona Molo

Mpendwa Mama Wawira,

Naomba unisome hadi mwisho kabla hujaniita mwendawazimu, maana barua hii nimeianza na kuichana sijui mara ngapi, na safari hii nisipoituma najua nitanyamaza mpaka kaburini. Mimi ni mwanamke wa Seme lakini nakaa hapa Naivasha, ukingoni mwa ziwa pale wavuvi wanapofunga mashua zao, na kazi yangu ni kukausha kwa moshi samaki tunaowaita ngege na kuwauza. Mume wangu Joash alikuwa mvuvi, akivua na mdogo wake Achola katika mashua moja, na mimi nilikuwa mke mmoja tu, sikumzalia mtoto aliyeishi, wawili niliowapata tuliwazika wachanga, na hilo hakuwahi kunitukana nalo, ndiyo maana nilimpenda mpaka watu wakanicheka.

Mvua ndefu zilipoanza, asubuhi moja nilikuwa nachochea moto wa samaki nikaona mashua inarudi na mtu mmoja, naye ni Achola, akashuka mbio huku analia, akasema kiboko amewapindua nyuma ya kisiwa, wameanguka majini wote wawili, yeye amejikokota hadi kwenye mashua lakini Joash hakuibuka, na mimi nilimwangukia shemeji yangu kifuani nikalia mpaka shati lake likalowa machozi yangu. Wanaume walitafuta kutwa katika mafunjo wakapata kofia yake tu. Sasa wewe huenda hujui desturi yetu, mtu akipotelea majini na mwili usionekane tunazika tunda la yago mahali pake, lile tunda refu zito kama gogo, na likishazikwa basi mtu yule amezikwa, hakuna wa kungojewa tena. Tulilipeleka Seme likiwa limefungwa shuka nyeupe, wanawake tukanyolewa nywele, na mama mkwe wangu, ambaye haoni vizuri, akalala karibu na lile tuta la udongo akiliita lile tunda mwanangu, mwanangu, na mimi nikalala pamoja naye.

Niliporudi Naivasha wavuvi walinipokea kama dada yao, na hapa lazima nikueleze sheria yetu ya ufuoni, maana ndiyo inayoninyonga. Hapa tuko watu wa makabila mengi na tulikubaliana kwamba maji yaliyomla mtu hayatupiwi nyavu mpaka mjane wake atoke matangani, na wakati huo wote kila mashua inayorudi inaweka samaki mmoja katika kikapu chake. Hakuna aliyeacha hata siku moja, wengine wakirudi na samaki wa kuhesabika kwa vidole bado wanakuja wanainama kwenye kikapu changu. Lakini nyuma ya kisiwa ndiko kwenye ngege wakubwa, huku kwingine wanapata vidagaa tu, na kwetu mjane hutoka matangani akirithiwa na shemeji yake, kwa hiyo ufuo mzima unaningoja mimi nikubali kuingia nyumbani kwa Achola.

Masinde, mkubwa wa mashua zote, alikuja na mkewe wakakaa kwenye mkeka wangu, akasema, "Shemeji, sisi hatukusukumi. Lakini watoto wanakula ugali na chumvi. Wewe kubali Achola, tufungue hiyo maji." Na mimi nilikuwa nimeanza kukubali, Mama, maana Achola ni mpole, ananipasulia kuni, na kila nikifunga mzigo wa samaki ananionya, "Shemeji, uza Gilgil, uza Nakuru, lakini Molo usiende, baridi ya huko itakumaliza kifua," nikawa najiambia kwamba ni nani mwingine duniani anayekihurumia kifua changu.

Sasa mwezi huu soko la Nakuru lilijaa samaki, na Rahab ninayeuza naye akaniambia tupande treni hadi Molo, kwenye mashamba ya wazungu kuna watu wengi wa kwetu wanaovuna maua ya pareto na wana hamu ya samaki. Tukaenda bila kumwambia mtu, tukakaguliwa pasi za safari stesheni, tukatandika magunia yetu nje ya kambi ya wafanyakazi siku yao ya mapumziko. Akaja mwanamke kijana, mtoto mgongoni, akachagua samaki mkubwa, akageuka nyuma akaita, "Baba Hiram, kuja uone hii!" na aliyekuja ni Joash.

Mama Wawira, si mtu aliyefanana naye. Nimemkanda mgongo ule, nimemshonea mashati, namjua hata akiwa amesimama gizani. Alikuwa amevaa koti zito la kijeshi, amenenepa, na mtoto yule umri wake unapita umri wa msiba wangu, hata mimi nisiyesoma sana najua kuhesabu hilo. Nilisema "Joash" kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Akaniangalia usoni, akasema kwa Kiswahili, hata lugha yetu hakunipa, "Mama, umenifananisha. Mimi naitwa Wamalwa." Kisha akamwambia yule mwanamke, "Hiyo samaki wacha. Samaki ya Naivasha inanuka matope." Na samaki wale, Mama, ni wale wa kikapu, wale wanaonipa kwa sababu yake.

Rahab alidhani ni uchungu wa ujane umenipanda kichwani, akaninywesha maji. Nimerudi, sijamwambia mtu. Mashua zinaendelea kuniwekea samaki na mimi nawapokea kwa mikono miwili na kusema asante, kila mmoja ananichoma. Nikisema, watasema nilijua tangu mwanzo nikawalia watu samaki wao bure, na mama mkwe wangu atakufa, na mtu aliyezikiwa yago akirudi hakuna mzee hata mmoja anayejua amwite nani. Nikinyamaza, nitarithiwa hali mume wangu anakula viazi Molo, na mimi ni mtu wa kanisa. Achola ameshatenga Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuku amenunua. Je, nimweleze Achola kwanza, peke yetu, anisaidie kufikiri? Yeye ndiye mtu pekee niliyebaki naye. Naomba ufiche majina yetu ukiichapa gazetini.

Mimi, Mjane wa Naivasha

*

Mjane wa Naivasha,

Majina yote nimeyabadilisha, lakini usijidanganye, ufuo wenu si mkubwa, na mwenye macho atakutambua kwenye mstari wa pili. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta. Gazeti litafuata. Litakapofika kwenu kwa treni nataka uwe umeshasema mwenyewe, kwa mdomo wako, wasije wakakusoma kabla hawajakusikia.

Kwanza pole. Nimesoma habari ya wale wachanga wawili, na ya ule usiku mlipolala na mama mkwe wako chini, na nimeweka barua pembeni nikatoka nje kidogo. Aliyekufanyia hivi ni mtu mbaya. Siongezi neno lingine juu yake kwa sababu hastahili wino.

Sasa nikukaripie. Umeniuliza kama umweleze Achola kwanza, peke yenu. Mama, hebu isome barua yako mwenyewe! Ni nani aliyekuja kukwambia Joash amekufa? Mtu aliyepinduliwa na kiboko, akaanguka ziwani, akajikokota hadi kwenye mashua, anakuja kwako mbio, na wewe unaniandikia kwamba shati lake lililowa kwa machozi yako. Kwa machozi yako! Lilikuwa kavu, dada yangu. Halafu katika nchi hii yote yenye baridi, na mimi nimewahi kukaa Kinangop najua baridi ni nini, shemeji yako anaihofia ya Molo peke yake. Hakukihurumia kifua chako hata siku moja. Alikuwa analinda mlango.

Najua haya yanauma kuliko yale ya Molo, maana yule umeshamlilia na huyu ulikuwa umeanza kumwegemea. Lakini afadhali uumie leo ukiwa nyumbani kwako kuliko uumie baada ya Jumamosi ukiwa nyumbani kwake. Jiulize pia kwa nini Joash ajifiche. Kwenu mwanamume akitaka mke wa pili anamleta mchana kweupe na watu wanakula. Kwa hiyo hakukukimbia wewe tu, alikimbia mama asiyeona vizuri, ukoo na mzigo wa kuwa kaka mkubwa. Wakapatana, mmoja achukue uhuru wake, mwingine abaki na mashua, nyavu na wewe. Uligawiwa pamoja na vyombo vya uvuvi.

Tena una kosa lako, na nitalisema. Tangu urudi Molo watoto wa Masinde wameendelea kula ugali na chumvi kwa sababu unaogopa kuchekwa. Watu waliokuinamia kila siku kwenye kikapu wanastahili zaidi ya asante. Samaki uliowala kabla ya Molo uliwala kwa haki, ulikuwa mjane na ulilia kama mjane. Waliowekwa baada ya hapo ndio watakaokuwa aibu yako ukizidi kunyamaza.

Fanya hivi. Usimwambie Achola lolote. Nenda kwa mke wa Masinde, mweleze yeye kwanza, kisha Masinde awaite watu wa mashua zote asubuhi wakiwa wanatengeneza nyavu, Achola akiwemo, na Rahab awe kando yako kwa sababu alikuwepo. Sema ulichokiona. Ukimaliza, muulize Achola mbele yao wote swali moja tu, shati lake lilikaukia wapi. Usiongeze kitu, usilie, mwache ajibu. Masinde atume wanaume wawili Molo wakamwone huyo Wamalwa kwa macho yao, na wewe usiende nao. Usimfuate tena, usimbembeleze, usimtukane yule mwanamke, maana naye amelala na mtu asiyemjua jina. Mashua na nyavu dai zibaki mikononi mwa Masinde mpaka wazee wenu wakae.

Kwa mama mkwe wako nenda mwenyewe, kabla uvumi haujamfikia. Mshike mkono umwambie. Huenda atakufukuza, huenda atakuomba ubaki naye, mimi sijui, na nisingekudanganya kwamba najua. Yago lile muwaachie wazee. Kwa maoni yangu lisifukuliwe. Mume aliyekuoa wewe ndiye aliyezikwa pale, na yule mla viazi wa Molo akibisha hodi Seme aulizwe yeye ni nani.

Na kuku wa Achola arudishwe sokoni. Ukishasema yote, ingiza kikapu chako ndani, kisha umwambie Masinde wapeleke mashua nyuma ya kisiwa siku hiyo hiyo. Watupe nyavu. Maji yale hayana mtu ndani.

Mama Wawira