Mwalimu, Yalikuwa Maji Baridi

Iyunga, Mbeya

Mwalimu wangu,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na habari mbaya, na wewe hukupenda kupewa habari nusu. Sasa ninayo yote.

Kile chumba chetu cha maabara pale chuoni Iringa wamempa mtu wa kompyuta. Hata mwezi haukuisha tangu tukuage, nikaambiwa niondoe vitu. Bahati nzuri nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha huku Mbeya, nikaja na hadubini, matangi mawili, na konokono wetu wa baharini waliobaki. Nimepewa chumba kilichokuwa stoo ya viti. Kina baridi, lakini ni changu.

Watu wa huku wananiuliza kile ulichoulizwa Ruaha Mbuyuni. Unakumbuka? Lori limekwama mlima Kitonga, foleni imeshuka mpaka kijijini, jua linachoma, na sisi tuna wanyama wa bahari nyuma ya gari. Ulishuka na sandali zako ukanunua chupa zote za maji yaliyogandishwa, ukazipanga kuzunguka boksi lao. Mama mmoja muuza vitunguu akachungulia, akaona vile viumbe laini, vya kahawia, visivyo na gamba mgongoni.

"Jamani Mhindi, hivi mnavila?"

Ukamjibu kwa Kihehe safi, kile ulichokulia nacho dukani kwa baba yako, na wale akina mama wote wakaangua kicheko. Kisha ukamweleza taratibu: "Hatuvili, mama. Hawa wana seli za neva kubwa, karibu uzione kwa macho. Nataka kujua jambo likishaingia kichwani linabakije humo. Naanza na mwenye kichwa kidogo."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika ndoo, binti wa Tukuyu asiyeweza hata kuvuta kioo cha moto kiwe sindano nyembamba bila kukivunja. "Vunja nyingine, Tupe," ulikuwa ukiniambia kila siku. Hukuwahi kukasirika. Nimevunja nyingi sana, mwalimu.

Mama yangu alipouliza tunafanya nini, nilimweleza hivi. Seli moja ya neva ikitaka kuiambia nyingine jambo, humwaga kemikali mlangoni kwake. Ile kemikali haiingii. Inabisha tu, na ndani anaamka mjumbe mwingine, kemikali ya pili, ndiye anayeipeleka habari mpaka inakotakiwa. Sisi tulitaka kumpima huyo wa ndani. Kwa hiyo tukachoma seli kwa sindano, tukaingiza protini inayong'aa rangi mbili, ambayo hubadilika mjumbe akiamka, tukadondosha juu yake serotonini, ile kemikali inayobisha, tukatazama rangi moja ikififia na nyingine ikizidi. Siku mstari unaopima mabadiliko hayo ulipopanda kwenye skrini ulinishika mkono ukaubana mpaka ukaniuma. 

Miezi minne baadaye moyo wako ulisimama, ukiwa mezani unasahihisha mitihani.

Kaka yako Kishor aliuchapa ule mchoro wa mstari, akautia kwenye fremu, akautundika dukani juu ya makopo ya rangi. Kila mteja anaelezwa: hii ni kazi ya dada.

Sasa sikiliza. Makala yetu ilikuwa tayari kutumwa. Nilitaka tu kurudia jaribio mara moja hapa Mbeya, niwe na uhakika kwamba mitambo haikuharibika njiani. Unajua tulivyokuwa tukifanya: kwanza maji matupu ya chumvi, mstari unalala, kisha serotonini, mstari unapanda. Siku hiyo chupa ya maji matupu iliyokuwa rafuni ikaisha. Nikachukua nyingine kwenye friji. Nikadondosha. Hayana serotonini hata chembe, mwalimu. Na mstari ukapanda.

Nilikaa chini sakafuni.

Serotonini tulikuwa tunaitunza kwenye friji, isiharibike. Maji matupu yalikaa rafuni. Muda wote ule tulikuwa tunalinganisha baridi na vuguvugu, tukidhani tunalinganisha kemikali na maji. Ule mng'ao ulikuwa unabadilika kwa sababu ya baridi.

Nilimpigia mwenzetu mmoja wa Iringa. Akaniambia, "Atupele, jina la kwanza pale ni la marehemu. Tuma kama ilivyo. Unataka kumdhalilisha kaburini?" Nilikata simu. Wewe huna hata kaburi. Majivu yako yalikwenda na maji, nami nilikuwepo.

Kwa wiki mbili nilifunika hadubini kwa kitambaa, sikuingia mle chumbani. Nilikuwa na hasira na wewe. Ndiyo, na wewe. Ni wewe uliyesema chupa ikae rafuni! Halafu nikakumbuka nani alikuwa akiijaza kila asubuhi.

Nikaenda Iringa kwa Kishor. Niliona heri aisikie kwangu kuliko kwa watu. Nilisimama mbele ya kaunta nikamweleza yote, na ule mchoro unanitazama. Alimpimia kwanza mteja aliyetaka misumari, akasubiri aondoke zake.

"Dada alijua?"

"Hakujua."

"Basi aliondoka na furaha yake." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Na wewe sasa unataka nini, mwanangu?"

"Nataka kurudia yote. Maji na serotonini vikiwa na joto moja."

 Aliingia ndani akatoka na kipimajoto na chupa mbili za chai, zile kubwa za chuma. "Hizi hazipoi," akasema. Kisha akapanda kwenye stuli akaishusha fremu, akaiegemeza chini, uso kwa ukuta.  Nilitamani asingefanya hivyo mbele yangu.

Nilirudi Mbeya nikaanza. Konokono wanne tu ndio walikuwa bado hai. Wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna kitu, mstari umelala kama kamba. Nikaanza kufikiri kwamba kazi yako yote ilikuwa baridi tu ya friji. Kwa wa tatu sindano ilivunjika ndani ya seli. Nikajisemea kwa sauti, vunja nyingine, nikavuta nyingine.

Wa nne: maji matupu, mstari ukalala. Serotonini. Nikasubiri. Nikasubiri tena, nilikuwa karibu kuzima. Ukapanda. Kidogo sana, polepole, wala si ule mlima tuliouona Iringa. Lakini ulipanda wenyewe, bila kusukumwa na baridi.

Sikushangilia. Niliagiza konokono wengine kutoka pwani, nikarudia, kisha nikampa mwanafunzi wangu Neema arudie bila kumwambia chupa ipi ina nini. Mstari wake pia ulipanda. Yupo, mwalimu. Mjumbe wa ndani yupo. Ni mpole tu kuliko tulivyodhani.

Kishor nimempelekea mchoro mpya. Ameutazama sana, akasema huu ni mfupi. Nikamwambia ndiyo, ni mfupi, ila ni wa kweli.

Jumatatu natuma makala. Kosa letu nimeliandika waziwazi, na namna tulivyoligundua, ili mwingine asipoteze miaka kama sisi. Jina lako limebaki la kwanza. Sikuona sababu ya kuliondoa. Atakayeuliza ni nani aliyekosea, nitasema ni sisi wawili, na nitajibu kwa niaba ya wote.

Nakuahidi hili: sitamwonyesha mtu mstari wowote kabla sijajaribu kuuangusha mimi mwenyewe, kwa nguvu zangu zote. Na Neema nitamfundisha hivyo hivyo, hata kama siku moja atakayeangushwa ni mimi.

Kwaheri, mwalimu. Pumzika. Mimi bado nipo kazini.

Wako,
Atupele